Ushuhuda Alioufuta Mzee Kilo

Nilikuwa nimepiga magoti nikisugua ngazi za madhabahu, pamoja na akina mama wenzangu wa zamu, simu ilipoanza kuita ndani ya pochi yangu. Niliiacha iite. Ikanyamaza, ikaita tena. Mwenzangu mmoja akasema, "Pokea bwana, Mungu hakimbii."

Alikuwa fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta mmoja, mwanamke ambaye akipiga simu huanza na kicheko kabla ya salamu. Siku hiyo hakucheka.

"Dada, uko wapi?"

"Kanisani, tunasafisha."

"Uko na watu?"

"Niko nao."

"Basi kaa chini kwanza."

"Nimeshapiga magoti," nikamwambia. "Sema tu."

Akasema kaka yangu alikuwa amefungua dirisha la duka kama kawaida, akakaa kwenye kiti chake, akamsalimia, akaanza kumtania kuhusu suruali ya mteja aliyoishona mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Fundi aliinama kuokota uzi huku akitafuta jibu kali la kumrudishia. Alipoinuka nalo, kaka hakuwa tena wa kulisikia.

Sikulia pale pale. Nilikausha ngazi niliyokuwa nimeilowesha, maana wazee wangekuja kuteleza, nikavaa viatu, wenzangu wakanishika mikono huku na huku tukaondoka. Njiani machozi yalikuja, na pamoja nayo ilikuja shukrani. Kaka yangu amefia dukani kwake, kwenye kiti chake, akiwa na mzaha mdomoni. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Kwake lilikuwa ndilo jambo lenyewe, na ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Aliuza nafaka. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: magunia ya mahindi, mchele, maharage na dengu yamepangwa ukutani, mizani ya kusimama karibu na mlango, na nyuma ya pazia vyumba vyetu viwili na uani. Mimi nilihamia kwake baada ya mke wake kufariki, nami mwenyewe nikiwa mjane, tukawa tunagombana kwa amani kama tulivyogombana utotoni. Watu walimwita Mzee Kilo. Jina hilo alilipata zamani, siku mteja alipomwambia, "Nipimie kama kilo hivi," naye akajibu, "Kama kilo siijui. Naijua kilo." Alikuwa hapunji, na alikuwa haongezi. Ukimwomba nyongeza alikuwa akikupa stori.

Ugonjwa ulianza kwa kikohozi ambacho sote tulikilaumu vumbi la mahindi. Kisha akawa hawezi kulala chali. Kisha miguu ikavimba, na siku moja alishindwa kutoka duka hadi uani bila kupumzika njiani, akiwa ameshika ukuta. Akalazwa. Daktari akatueleza kwamba moyo wake umetanuka na umechoka, hausukumi damu kwa nguvu, ndiyo maana maji yanabaki mwilini. Akasema hautarudi kuwa kama zamani, lakini mtu anaweza kuishi nao vizuri akiutunza.

"Kuutunza vipi?" kaka akauliza.

"Dawa kila siku bila kuruka. Chumvi uiache. Maji kwa kipimo. Na upime uzito kila asubuhi kabla ya kula. Ukiona umepanda ghafla, hayo si mafuta, ni maji. Usisubiri, njoo."

Kaka akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu alazwe. "Daktari," akasema, "hapo kwenye kupima umenipa kazi ninayoijua."

Binti yake mkubwa alikuja kumchukua. Ni karani katika mji mwingine, mtu wa mipango, na alikuwa ameshaandaa chumba nyumbani kwake, na kitanda, na neti, hata kapeti la kuwekea miguu. Alitaka duka lifungwe siku hiyo hiyo.

"Baba, wewe ni mgonjwa," akasema.

"Najua. Nipe nafasi nimshughulikie huyo mgonjwa mwenyewe."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwishoni wakakubaliana: angebaki, lakini akilazwa tena hata mara moja, duka linafungwa na anahama bila ubishi. Wakapeana mikono kama watu waliouziana gunia. Binti alipoondoka, kaka akaniambia, "Mdogo wangu, nampenda yule mtoto. Lakini nikienda kwake nitakuwa mtu wa kuulizwa kila saa kama nimekunywa dawa. Hapa ninaulizwa bei ya dengu."

Kuanzia hapo aliuchukua mwili wake kama alivyolichukua duka. Asubuhi, kabla dirisha halijafunguliwa, alikuwa akipanda mizani ile ile ya magunia, anashika ukingo wa mlango mpaka mshale utulie, anaachia, anasoma, anaandika kwa chaki nyuma ya mlango. Fundi cherehani alizoea kumchungulia kwa pembeni. "Vipi leo, gunia limejaa?" Naye anajibu, "Limepungua, panya wamelitembelea."

Maji yake ya siku nzima aliyatia kwenye jagi moja. Chai ilitoka humo, maji ya dawa yalitoka humo, na supu aliihesabu pia. Jua likiwa kali alikuwa akinyonya kipande cha limau badala ya kuliendea jagi. Magunia hakubeba tena. Alikubali kukaa na kuelekeza, jambo ambalo kwa mtu wa aina yake lilikuwa gumu kuliko kubeba. Alilala ameinuliwa na mito, na mito ikianza kutomtosha, hiyo pia ilikuwa habari ya kumpelekea daktari.

Chumvi ndiyo ilikuwa vita. Si yeye aliyeipigana, ni wenyeji. Kila nyumba tuliyoalikwa, mwenye nyumba alitaka kumwonea huruma kwa kijiko. "Mzee Kilo, onja kidogo tu, kidogo hakina madhara." Shemeji yetu mmoja, mpishi hodari, alichukia kabisa. "Yaani chakula changu kinakuua?"

"Hapana, shemeji. Chakula chako ni kitamu, ndiyo hatari yake."

"Kidogo tu!"

"Kidogo chako, na kidogo cha jirani, na kidogo cha kanisani, vikikutana ndani yangu vinakuwa gunia. Nipe ndizi." Na alikuwa akila ndizi yake kwa raha, akisimulia, mpaka mtu anasahau kwamba kulikuwa na ugomvi. Nilijifunza kumpikia kwa tangawizi, vitunguu na limau, na baada ya muda nami chumvi ya watu ikaanza kunishinda.

Mwaka ukapita hivyo. Nguvu zilimrudia, hata akaanza kwenda kanisani kwa miguu, akipumzika kwenye benchi la kinyozi, ambaye alimwambia kila Jumapili kwamba benchi ni la wenye nywele.

Sasa lije lile la beseni.

Beseni lake la bati la kupimia lilikuwa limetoboka. Akanunua jipya, la chuma, zito, la kudumu. Wauza nafaka wana mtindo wao: badala ya kutoa uzito wa beseni kichwani kila mara, wanaliweka tupu juu ya mizani, wanazungusha skrubu ya pembeni mpaka mshale urudi kwenye sifuri, halafu wanapima moja kwa moja. Kaka alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote, na lile la bati lilikuwa jepesi mno kumharibia hesabu. Alifanya hivyo jioni ile, akafunga duka, akalala.

Asubuhi akaondoa beseni, akapanda mwenyewe. Duka lilikuwa bado na kiza cha dirisha lililofungwa, na hakuwa na sababu ya kuutazama mshale kabla hajapanda. Mizani ikamwambia kwamba amepungua. Akapanda tena. Amepungua kweli.

"Mdogo wangu!" akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu ujana. "Maji yamekimbia!"

Ilibaki hivyo siku iliyofuata, na iliyofuata. Tulifurahi sana. Jumapili ile, mchungaji alipouliza kama kuna mwenye ushuhuda, kaka alisimama. Alieleza jinsi alivyotoka hospitali akiwa amevimba, jinsi alivyomwomba Mungu, na jinsi uzito wa maji ulivyomtoka ghafla bila kubadilisha dawa. Watu wakashangilia, mama mmoja akaimba. Nami nilisimama nikapiga makofi. Habari ilitembea, na ilipomfikia binti yake, akapiga simu akilia kwa furaha.

Kwa sababu alijiona mwepesi, kaka alilegea kidogo. Hakuacha dawa, lakini jagi akalijaza mpaka juu, na kwa shemeji akaonja. Mshale ulipanda taratibu, yeye akasema, "Hata nikipanda, bado niko chini ya pale nilipokuwa."

Hata hivyo kulikuwa na kandambili zake za ngozi, zile za kamba ya nyuma. Asubuhi moja aliketi kitandani akivuta kamba, haifiki kwenye kitundu chake cha siku zote. Akabonyeza mguu kwa kidole gumba. Kidole kikaacha shimo, na shimo likakaa. Aliliangalia muda mrefu. Kisha akaja dukani peku, akatazama mguu, akatazama mizani.

"Mmoja kati ya hawa wawili ni mwongo," akasema.

Alivuta mfuko wa sukari ambao haujafunguliwa, wenye uzito wake umeandikwa na kiwanda. Akauweka juu ya mizani, beseni likiwa chini. Mshale ukaonyesha pungufu. Akaweka wa pili. Pungufu ile ile. Macho yake yakashuka kwenye beseni la chuma, yakapanda kwenye skrubu.

"Ee Mungu wangu," akasema polepole. "Nimejitoa uzito wa beseni."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Yeye alikaa juu ya gunia la dengu. Hesabu ilikuwa imeshakamilika kichwani mwake: hakuwahi kupungua, na sasa amepanda, amepanda sana.

"Twende hospitali," nikasema.

Aliutazama mlango wa duka. Nilijua anachokiona: chumba cha binti yake, kapeti la miguu, duka lenye kufuli. Ilikuwa rahisi sana kwake kunyamaza. Angeweza kukaza chumvi na maji kimya kimya, akaomba uvimbe upungue, na asingejua mtu yeyote, isipokuwa mimi, na mimi alijua namna ya kunibembeleza.

"Nikienda watanilaza," akasema. "Wakinilaza, nimehama."

"Usipoenda?"

Akavuta pumzi, na tukaisikia wote wawili, ile sauti ya maji ndani yake, ndogo kama chungu kinachoanza kuchemka. "Nimewapimia watu uzito wa kweli maisha yangu yote," akasema, "nitajidanganya mimi?" Akainuka, akarudisha skrubu mahali pake, akapima, akafuta namba za uongo nyuma ya mlango kwa kiganja. Halafu, kabla hatujatoka, akampigia binti yake mwenyewe. Nilisikia ukelele wa binti kutoka kwenye simu mpaka nilipokuwa nimesimama.

"Ndiyo, mwanangu," kaka alikuwa akisema. "Hapana, hakuna aliyenishtaki. Ninajishtaki mwenyewe. Sawa. Njoo."

Daktari alimsikiliza kifua, akamtazama miguu, akamsikiliza habari ya beseni mpaka mwisho bila kucheka, kisha akacheka. Alimchoma sindano ya kutoa maji, wakamweka kwenye benchi la wanaosubiri, karibu na choo, na kazi ya siku hiyo ikawa kwenda na kurudi. Jioni wakampima kwenye mizani yao. Daktari akamwongezea kidonge, akamwambia arudi baada ya siku chache kupima damu. "Ungechelewa," akasema, "ningekupa kitanda. Nenda nyumbani."

Nilidhani amemaliza. Jumapili alivaa shati lake jeupe, na mchungaji alipouliza kama kuna ushuhuda, kaka akasimama tena. Nilimvuta shati. Hakukaa.

"Wapendwa," akasema, "ushuhuda wangu wa juzi naomba niufute. Maji hayakutoka. Beseni ndilo lililotoka."

Akawaeleza yote, skrubu na sukari na kidole gumba. Kinyozi akashindwa kujizuia, akaangua kicheko, kanisa zima likamfuata, na kaka akacheka nao mpaka ikabidi ashike kiti. Alipopata pumzi akasema, "Mnanicheka, sawa. Lakini humu ndani kuna wenye sukari, wenye presha, wenye figo. Nawajua, mnanunua dukani kwangu. Mkiniona nimesimama hapa nimepona, mnaweza kwenda kutupa vidonge vyenu. Sijapona. Mungu ananitunza, na sehemu moja ya kunitunza ni kunionyesha kandambili haifungi. Kajipimeni." Akakaa.

Mchungaji, ambaye alikuwa na presha na hakuwahi kumwambia mtu, alisema baadaye kwamba kesho yake alikwenda kliniki.

Binti alifika Jumatatu na begi tupu, la kutia nguo za baba yake. Aliingia dukani bila salamu ndefu.

"Shikamoo, Baba. Shikamoo, Shangazi. Nguo zake ziko wapi?"

"Marahaba," kaka akasema. "Sijalazwa."

"Baba, ulikaa hospitali kutwa nzima umechomwa sindano!"

"Kwenye benchi. Muulize shangazi yako."

"Sitaki ujanja wa sokoni! Ungekufa. Ungekufa ukiwa unashangilia!" Hapo sauti yake ikakatika, akafunika uso kwa begi.

Kaka hakumjibu kwa mzaha. Alimvutia kigoda. "Kweli," akasema. "Ningekufa. Nilikosea, na kosa ni langu, si la umri wala la duka. Ningekuwa kwako ningekosea kwa namna nyingine, na wewe ndiye ungejilaumu. Hapa nilikosea, nikaona, nikaenda, nikakuambia. Sina kingine cha kukuonyesha."

Binti akawa anachezea zipu ya begi. Mteja akaja akataka mchele, akapimiwa, akaondoka.

"Kwa nini ulinipigia?" akauliza mwishowe. "Ungenyamaza tu, nisingejua."

"Tulipeana mikono."

Alimtazama baba yake kama anayempima yeye. Kisha akasema, "Ungenificha, ningekuchukua leo leo. Baki. Lakini miguu yako haiwi siri yako tena. Shangazi aikague kila jioni, na aniambie mimi, siyo wewe uniambie."

"Kila jioni?" kaka akalalamika. "Huyu? Ana mikono ya baridi."

"Kila jioni, Baba."

Akakubali. Nami nikapata kazi niliyoifanya kwa miaka iliyofuata: kuketi mbele ya kaka yangu jua likizama, kubonyeza miguu yake, kuangalia kati ya vidole, kusikiliza malalamiko yake. Mara nyingine tulisali hapo hapo, miguu yake ikiwa magotini mwangu. Mara mbili nilimwambia, "Kesho hospitali," naye hakubisha, akaenda, akarudi.

Watu walianza kumjia, wagonjwa wenzake. Mwenye sukari aliuliza namna ya kukataa soda ya harusi bila kumuudhi bibi harusi. Mama mwenye pumu aliuliza kama ni aibu kutoa kichupa chake mbele za watu. Kaka hakujifanya daktari. Aliwaambia, "Dawa muulize aliyekuandikia. Mimi niulize aibu, hiyo naijua." Na aliwaambia wapumzike kabla hawajachoka, kwa sababu kupumzika ukiwa umeshaanguka si kupumzika.

Moyo uliendelea kuchoka, kama daktari alivyosema. Tulijua. Mwaka huu alipunguza saa za duka, akawa anafungua asubuhi tu. Wiki moja kabla ya kuondoka, daktari alituambia kwamba dawa zimefika mwisho wa uwezo wake. Binti akauliza kwenye simu, kwa upole safari hii, kama sasa angependa kwenda kwake. Kaka akamshukuru, akasema hapana. Binti akajibu, "Sawa, Baba. Nitakuja mimi." Alikuwa ameshakata tiketi fundi cherehani aliponipigia.

Alifika jioni ile. Ndugu wengine walipendekeza msiba uwekwe nyumbani kwa mkubwa wa ukoo, penye uwanja mpana na viti. Binti akakataa. "Baba anatoka hapa," akasema, na hakuna aliyembishia.

Tulimzika Jumamosi. Ili jeneza lipite, majirani walitoa magunia yote nje wakayapanga barabarani juu ya turubai, kinyozi na fundi cherehani wakiyalinda. Jeneza lilikaa katikati ya duka. Watu waliingia kwa mlango wa mbele, wakamtazama, wakatokea uani. Alikuwa amevaa shati jeupe. Nilimgusa mkono. Binti yake alimbusu kwenye paji la uso, akafunga kifuniko pamoja na kaka zake waliofika kwa msiba.

Kanisani mchungaji alihubiri kwa ufupi, kwaya ikaimba nyimbo mbili. Makaburini shimo lilikuwa tayari, kando ya mke wake. Walimshusha kwa kamba. Binti alitupa udongo kwanza, kisha mimi, kisha wengine wote. Nilisema, "Kwaheri, kaka. Tutaonana kwa Bwana," na ninaamini hivyo. Wanaume wakachukua majembe. Kaburi lilipokamilika tukaweka maua, mchungaji akafunga kwa sala, nami nikamshika binti wa kaka yangu mkono, tukarudi nyumbani kwa miguu.